Mbele ya Wageni Niite Dada

Tarehe 9 Machi

Shangazi mpenzi,

Sasa hivi tu, kabla sijashika kalamu, Kinda alikuwa amemkalisha paka wa fundi cherehani juu ya kigoda, amemfunga kitambaa cha mezani shingoni, anamwambia, "Karibu mgeni, jisikie nyumbani." Paka hakujisikia nyumbani. Amemparura mkono kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, karuka dirishani na kitambaa changu. Na mtoto, damu inamchuruzika, hakulia. Alichungulia nje akamwambia, "Hakuna neno, mgeni. Ni bahati mbaya." Nimecheka mpaka nikakaa sakafuni, halafu nikiwa palepale chini nikahisi kitu kinanichoma. Ana miaka minne, Shangazi. Na huo ndio mstari tunaofundishwa chuoni: mgeni akikumwagia chai, mwenye kosa ni chai.

Haya, shikamoo. Naanza na paka nasahau salamu, na mimi ndiye ninayesomea kufundisha watu adabu. Hujambo huko uliko? Miguu haikuvimba kwenye ndege? Sisi wazima. Nyumba yako iko salama, maua nayamwagilia, isipokuwa lile la kwenye kopo la bluu, hilo lilikuwa limeshaamua kufa kabla hujaondoka. Fundi cherehani anakusalimu. Yeye ndiye anayekaa na Kinda nikiwa darasani, na anasema yeye hali ahsante, anataka umletee mkasi wa huko usiobutuka.

Masomo yanakwenda. Nilikuwa naogopa maana wenzangu wote wamesoma kunizidi, kumbe mengi ni yale uliyonipigia kelele utotoni: mkubwa akiingia simama, usiongee na chakula mdomoni, usijibu kwa bega. Kigumu ni kumfundisha mtu mzima bila kumwaibisha. Na Jumamosi kila mmoja wetu huleta mtoto wa mazoezi, akamfundisha mbele ya darasa huku msimamizi anatazama. Wenzangu wameazima watoto wa majirani. Mimi nakwenda na Kinda kama mdogo wangu, vile tulivyopanga.

Hapo ndipo lilipo neno langu, Shangazi. Siku ile ya kuandikishwa ulisema mbele ya msimamizi, "Huyu ni binti wa kaka yangu, na huyu mdogo ni nduguye, wamebaki yatima." Nikanyamaza, kwa kuwa wewe ndiye uliyenilea, na chuo hakichukui mwenye mtoto, na wewe na Madam mwenye chuo ni chanda na pete. Ukaniambia ni kwa muda tu, utamweleza mkishakuwa likizoni, akili zimetulia. Sasa mko huko, mnakula meza moja kila asubuhi. Je, umeshamwambia? Nimekupigia simu, ikaita mpaka ikachoka.

Mwanao

*

Tarehe 30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta salama. Mwandiko unanyooka, ila mistari yako bado inapanda mlima. Simu nimeifungia sandukuni. Mtu aliye likizoni hashiki simu, na mtu mwenye adabu huandika.

Hoteli ni nzuri. Maji ya moto yanatoka ukutani bila kuombwa. Tuko watatu kama unavyojua, mimi, Madam na Bi Kofia. Katika maduka ya huku kuna ngazi zinazotembea zenyewe, na Bi Kofia kazigomea. Alisimama chini akasema yeye hapandi kitu chenye haraka kuliko yeye. Madam akamshika mkono huu, mlinzi akamshika ule, akapandishwa kama bibi harusi, kofia ikabaki chini. Tumecheka wiki nzima. Ni vizuri kumwona Bi Kofia akicheka. Tangu afiwe na mumewe yuko peke yake katika ile nyumba ya vyumba vingi, hana mtoto wala wa kumtuma maji.

Asubuhi tunatembea kando ya mto, mchana tunalala, jioni wao hucheza karata na mimi huwatazama wakiibiana.

Hilo la Madam niachie mimi. Jambo zito halisemwi mezani, na likizoni kila mahali ni meza. Wewe soma. Nitumie picha ya Kinda akiwa amekaa vile ulivyomfundisha, wenzangu wangependa kuona.

Usiyape maua maji jua likiwa kali.

Shangazi yako

*

Tarehe 27 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imefika imelowa pembe moja, lakini yote yamesomeka. Nimemsomea fundi habari ya ngazi, akacheka mpaka akajichoma sindano. Kinda alishikwa na mafua, yameisha. Fundi kamshonea gauni la mabaki ya vitambaa, mkono mmoja wa maua, mwingine wa mistari, na mwenyewe halivui hata kulala.

Picha hiyo ndani. Mtazame mgongo. Kitambaa kipo mapajani, viwiko havigusi meza. Msimamizi amesema tangu aanze kazi hajaona mtoto wa mazoezi kama huyu, akawaita na wa darasa la pili waje kutazama. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Lakini kuna jambo. Jumamosi iliyopita Kinda alijikwaa kwenye ngazi za chuo, akaangukia goti, akapiga ukelele, "Mama!" Korido nzima ikageuka. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nimebeba trei ya vikombe. Shangazi, sikushuka. Nilisimama nimenyooka na trei yangu nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Pole, mdogo wangu. Mama hayupo." Msimamizi ndiye aliyemwinua. Akasema, "Maskini, bado anamwita marehemu." Wakamwonea huruma, na mimi wakanionea huruma, mmoja akanipokea trei akaniambia nina moyo.

Tulipofika nyumbani nikamkalisha kitandani, nikamfuta goti, nikamwambia: mbele ya wageni niite dada. Akaniuliza, "Na nikiumia?"

Nikamwambia, hata ukiumia.

Tangu siku hiyo hakosei. Fundi alipomsikia akasimamisha cherehani. "Mtoto kachukua sura yako yote kama tofali na kalibu yake, leo umekuwa dada? Mnamdanganya nani, labda paka." Nikamwambia ni kwa muda. Akasema, "Haya. Hata nguo hukunjwa kwa muda. Ukija kuikunjua baada ya miezi, utapiga pasi mpaka mkono uchoke, na mstari upo palepale." Unajua mdomo wake. Ila neno lake bado sijalimeza.

Ulisema mtarudi mwezi huu, na mwezi ndio huo unaisha. Umeshasema na Madam? Kama ni vigumu, niandikie tu kwamba ni vigumu. Nitamwambia mwenyewe akirudi. Sitakulaumu.

Mwanao

*

Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimekawia kukujibu kwa kuwa tulihama mji. Sasa tuko milimani, kuna mabwawa ya maji ya moto, na goti la Madam limepata nafuu ajabu, anashuka ngazi kama msichana. Kwa hiyo tumeongeza muda. Wenzangu wakiwa na furaha, sitakuwa mimi wa kwanza kufunga sanduku.

Picha ilifika. Imezunguka meza. Bi Kofia aliishika mpaka chai yake ikapoa, kisha akaitia katika mkoba wake. Sikumwomba airudishe. Kumdai mtu mzima kitu alichokipenda si uungwana. Huitoa kila siku akaitazama. Juzi kamnunulia Kinda viatu vyeupe, kakisia mguu kwa kiganja chake.

Usimwambie Madam lolote wewe mwenyewe. Nimeshasema naye. Limekwisha. Kazi utapata, tena nzuri. Si ndicho ulichotaka?

Umeandika kwamba korido nzima iligeuka. Korido haigeuki. Watu ndio wanaogeuka.

Shangazi yako

*

Tarehe 29 Juni

Shangazi wangu mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikakimbia nayo kwa fundi nikamsomea lile neno, "Limekwisha." Fundi akaniuliza, "Limekwisha kwa kusemwa nini?" Yeye hata mvua ikinyesha huuliza nani kaituma. Lakini hebu nieleze na mimi, Madam alisemaje? Alikasirika? Alicheka? Na je, sasa Kinda anaweza kuniita mama hata chuoni?

Nimefaulu, Shangazi. Mimi, niliyeishia njiani shuleni, nimefaulu. Msimamizi kanishika mkono mbele ya wote. Jina langu limebandikwa ubaoni: nitafundisha wafanyakazi wa hoteli kubwa katika mji mwingine, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa nane, na chumba cha kulala nitapewa hukohuko. Nimesikia ni cha kitanda kimoja. Si neno, sisi tumezoea kimoja, yeye hulala kajitandaza kama nyota, mimi hujikunja pembeni. Nimeanza kuulizia shule ya watoto wadogo jirani na hoteli. Fundi anashona mapazia, kwa matusi, lakini anashona.

Nakuomba unijibu upesi hilo la kuitwa mama, nimtulize mtoto. Maana naona amelizoea vibaya. Hata tukiwa wawili tu, mlango tumefunga, mtu mwingine hayupo, ananiita dada.

Mwanao

*

Tarehe 14 Julai

Mwanangu,

Hongera. Nilijua hutaniangusha.

Usimwambie mtoto lolote kwa sasa, wala usiulizie shule. Wenzangu wanatangulia kurudi, mimi nitabaki kidogo, kifua changu kinapenda hewa ya huku. Bi Kofia atakupitia nyumbani Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane. Mpokee vizuri. Toa vikombe vyangu vya kabatini. Vaa gauni la kijivu. Atakachosema kisikilize mpaka mwisho kabla hujajibu. Mkono wa kheri hausukumwi.

Siku moja utanishukuru.

Shangazi yako

*

Tarehe 10 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje? Nauliza kwa sababu ndivyo barua inavyoanza. Kinda hajambo. Yuko kwenye beseni anaoga, anajimiminia maji na kopo, mimi nimekaa kizingitini naandikia juu ya goti.

Bi Kofia alikuja kama ulivyosema. Nilitoa vikombe vyako. Nilivaa la kijivu. Kinda akampokea kofia kwa mikono miwili akamwambia, "Karibu, pumzika, umetoka mbali." Mama wa watu machozi yakamlenga. Akamvisha vile viatu vyeupe. Vilikuwa vinambana, niliona vidole vimejikunja, Kinda akasema, "Ahsante, vimenitosha."

Kisha akaingiza ndani sanduku dogo jipya lililokuwa mlangoni, akalifungua. Halikuwa na kitu. Akasema, "Hili ni la vitu vyake. Usihangaike na nguo nyingi, kwangu zipo tayari. Na chumba chake nimekipaka rangi."

Nikasikiliza mpaka mwisho, kama ulivyoagiza. Mwisho ukafika na mimi bado nasikiliza.

"Chumba chake wapi?" nikauliza.

"Kwangu. Shangazi yako hakukueleza?"

Nikadhani ni ule uongo wetu uliomfikisha hapo, kwamba anamwonea huruma mtoto yatima. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Nikaweka kikombe chini taratibu, nikamwambia, "Bi mkubwa, unisamehe. Huyu si mdogo wangu. Huyu ni mwanangu, nimemzaa mimi."

Akanitazama kwa upole. Upole ndio ulioniua, Shangazi. Akasema, "Najua, mwanangu. Sote tunajua. Shangazi yako alituambia siku ya pili tu tulipofika, tunakunywa chai. Akasema umeshakubali kumtoa ili upate kazi, ila unaona haya, tusikuulize. Ndiyo maana nikaomba picha."

"Na Madam?"

"Madam alisema ukishampata mtu wa kumchukua mtoto, kazi ni yako."

Siku ya pili. Kabla hata barua yangu ya kwanza haijakufikia. Mimi nipo juu ya ngazi na trei, namwambia mtoto aliyeumia mama hayupo, na nyinyi mnajua. Unanijibu kwamba jambo zito halisemwi mezani, na ulikwisha kulisema, mezani hapohapo. Basi nilikuwa namficha nani, Shangazi? Nilimnyang'anya mwanangu neno lake la kwanza ili nimfiche nani?

Na mimi mwenyewe ndiye niliyempamba. Kila nilipomnyoosha mgongo, kila picha, kila "karibu mgeni", nilikuwa nampigia debe mwanangu bila kujua kuna soko.

Nilimwambia Bi Kofia sijakubali, wala sikuulizwa. Akawa anafunga na kufungua kufuli ya lile sanduku, akasema, "Nimepaka rangi ya njano." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu aliyepotea njia karibu na kwake. Nilimkasirikia na kumwonea huruma kwa pamoja. Na yeye umemdanganya. Kinda akamletea kofia yake, akamwambia, "Ahsante kwa kututembelea, karibu tena." Aliondoka nayo mkononi, hakuivaa, nikamwona anajifuta nayo uso pale kwenye kona ya duka. Viatu tulimrudishia. Sanduku alilisahau, fundi kampelekea.

Jumatatu nikaenda kwa Madam. Alinivutia kiti, akanimiminia maji, akaniambia kwa maneno mazuri kabisa kwamba hoteli inahitaji mwalimu asiye na mzigo. Aliuliza na hali ya mzigo wenyewe, kama mafua yalipona. Sijawahi kufukuzwa kwa adabu namna ile. Nilipotoka nje, jina langu ubaoni lilikuwa limeshabanduliwa, limebaki gundi.

Nyumba yako nimeifunga, funguo ziko kwa fundi. Tumehamia chumba cha nyuma ya karakana yake. Ameniambia wateja wake wapo wanaotaka mabinti zao wafundishwe kukaa na kuongea, nianze darasa pale mbele, kati ya cherehani na kioo. "Ukiwafundisha na kusema hapana, nami nitajiandikisha," akasema. Nitaanza wiki ijayo. Cheti ninacho, hicho hawakukumbuka kukidai. Ninajua kufundisha, Shangazi, hilo hakuna aliyenidanganya.

Kinachonishinda ni kimoja. Siku ile Bi Kofia alipokwisha kuondoka nilimkumbatia Kinda nikamwambia, "Kuanzia leo niite mama." Akaninong'oneza, "Wageni wameondoka?" Nikamwambia wameondoka kabisa. Akaenda dirishani, akatazama huku, akatazama kule. Akarudi akaniambia, "Sawa, dada."

Wiki nzima ndiyo hivyo. Nikimwambia mimi ni mama yako, anaketi, ananyoosha mgongo, anaweka mikono mapajani na kunitazama usoni. Anadhani ni somo. Anangoja nimwambie amefanya vizuri.

Sikuandikii nikutukane. Ulinilea, ukanivisha, ukanifundisha kushika kalamu hii. Huenda uliona unanifungulia mlango. Lakini ulinifungulia mlango wa mtu mmoja, ukamwacha mwanangu nje, ukaenda kuogelea maji ya moto. Nina ombi moja. Ukirudi usilete zawadi, wala mkasi wa fundi, wala usije na rafiki. Njoo wewe kama wewe, ukae na Kinda kitandani, umwambie kwa kinywa chako kwamba yule uliyemwita yatima ana mama, na mama mwenyewe ni mimi. Wewe ni mkubwa, anaamini wakubwa. Mimi haniamini, kwa kuwa ni mimi niliyemfundisha vingine. Na usipokuja, basi nitamwambia mwenyewe kila siku, asubuhi na jioni, mpaka mgongo wake ulegee na akubali kuniegemea, hata ikiwa ni mwaka, maana mtoto aliyejifunza upesi hivyo lazima na kusahau asahau upesi, ngoja Shangazi, sabuni imemwingia machoni, analia, ananiita